Nilikuwepo

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na nyingine za kugawa hapo nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, goti limetulia, na zile ngazi za hospitali unazipanda bila kuzitukana kimoyomoyo. Shemeji kikohozi kimemwachia? Mwambie asijitie ujana kwa kuoga maji baridi alfajiri. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujafika mstari unaofuata, kwa sababu nakujua, ukishazama kwenye kusoma husikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mimi huku sijambo. Ninakula, ninalala, ninagombana na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, yaani mambo yanakwenda. Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu mimi niliyekuwa napewa adhabu shuleni kwa mwandiko. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu nikiwa na neno, na mara tatu nikaishia kukuuliza habari za mvua. Simu haina subira. Ukinyamaza kidogo tu, mwenzako anasema halo, halo, unanisikia, na neno linarudi tumboni. Karatasi inangoja. Kwa hiyo nivumilie, nitaanza mbali kidogo, lakini nitafika.

Unajua mchezo wetu wa televisheni, maana wewe na Mama hamkosi Alhamisi hata moja. Usichokijua ni jinsi nilivyoingia humo. Kwenye karatasi za msimu wa kwanza mhusika wangu hakuwa na jina. Aliandikwa Msaidizi, basi. Kazi yake ilikuwa kumbebea Mkuu wa upelelezi mkoba, kumfungulia mlango wa gari, kumshikia mwavuli, na kuandika kwenye daftari huku Mkuu akisema maneno ya maana. Siku moja nilikaa nikahesabu. Katika sehemu kumi na tatu nilisema "Ndiyo, Mkuu" mara sitini na mbili, na "Hapana, Mkuu" mara moja, tena hiyo moja nilikuwa nimeulizwa kama ninataka chai. Yule kitinda mimba wako aliwahi kuniuliza kwenye simu, mama mdogo, polisi wanafundishwa neno moja tu? Nilicheka, lakini lilinichoma.

Ukweli ni kwamba sikulalamika. Ndiyo ni neno zuri la kujifichia. Mtu anayesema ndiyo hapewi lawama, wala haulizwi alikuwa wapi. Nilijiambia kwamba mshahara unaingia, mitaani wananiita Sajini, nitake nini zaidi?

Aliyenivuruga ni fundi viatu wa pale kona ya mtaa wetu. Nilimpelekea kiatu kilichoachia soli. Aliponiona akapiga saluti, sindano mkononi, na watu wote waliokuwa wakisubiri wakageuka. Akanishonea kiatu huku akinieleza kwamba yeye na mkewe hutazama kila wiki, na wamegundua jambo. Akasema kila mtuhumiwa anapoingia chumbani, mimi humtazama Mkuu, simtazami mtuhumiwa. Halafu akainua uso akaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi Sajini, wewe macho yako ni ya nini?"

Nililipa nikaondoka, na kiatu kilikuwa kinabana.

Kesho yake nilimwendea mwandishi wa mchezo. Ni binti niliyemzidi miaka kumi na miwili, mwembamba, penseli ameichomeka kwenye nywele na mara nyingi anaitafuta penseli hiyohiyo mezani. Anafanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya mavazi, ukuta mzima umejaa vipande vya karatasi za rangi: njano ni za mauaji, kijani za Mkuu, buluu za familia za marehemu. Nilitafuta rangi yangu sikuiona. Nikamwomba anipe angalau jambo moja la kufanya. Hakukasirika. Aliniuliza tu, Msaidizi anaposema ndiyo, anawaza nini? Nikamwambia hawazi kitu. Akasema basi na yeye hawezi kuandika kitu. Akanituma nyumbani nikatafute yule mwanamke anaona nini, anaficha nini, na anaogopa nini, kisha nirudi.

Dada, unajua kwenye lile daftari la upelelezi nilikuwa naandika nini muda wote ule mbele ya kamera? Sabuni, vitunguu, uzi mweusi, fundi wa bomba. Kuanzia wiki ile nikaanza kuandika kweli. Mkuu akimhoji mtu, mimi namtazama yule mtu. Niliandika kwamba mjane hajavua kofia ya marehemu kichwani tangu asubuhi. Niliandika kwamba dereva anajibu haraka maswali magumu na anachelewa kwenye mepesi. Mwongozaji aliona kwamba sasa ninaandika nikiwa nimekunja uso, akamwambia mpiga kamera asogee. Mwandishi aliomba daftari akalisoma lote akiwa amesimama. Wiki iliyofuata kwenye ukuta wake palikuwa na karatasi moja nyeupe, na nyeupe ilikuwa yangu.

Basi haba na haba. Msimu wa pili, sehemu ya nne, Msaidizi aliuliza swali lake la kwanza: kwa nini jikoni vikombe vimechafuka viwili na kimeoshwa kimoja? Mama alinipigia simu usiku uleule kuniambia kwamba nimeuliza vizuri. Baadaye Msaidizi akapewa chumba cha kuishi, kitanda, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Halafu akapewa kosa. Alimshuku dereva asiye na hatia, akamwandika vibaya kwenye ripoti, na mtu wa watu akakaa mahabusu siku nne. Mimi sikulipenda lile kosa. Nilimwambia mwandishi kwamba watazamaji ndio wameanza kunipenda, kwa nini anichafue? Akanijibu kwamba mtu asiyekosea hakui, anazeeka tu.

Na yule mwenzangu anayeigiza Mkuu, usimwone vile kwenye kioo. Ni mtu mkubwa, ana sauti ambayo ukiisikia unatamani kukiri hata kama hukufanya kitu, lakini anaogopa mende. Msaidizi alipoanza kuongea, yeye akawa ananimeza. Kabla sijamaliza sentensi yangu, yake imeshaingia. Wiki sita nilinyamaza, kama kawaida yangu. Siku moja tukiwa tunapakwa poda, kiti kwa kiti, nikamwambia kwamba ile sentensi ya mwisho ni yangu na ninaihitaji. Aligeuka akanitazama, nusu ya uso ina poda na nusu haina. Akasema hakujua, alidhani ninamwachia. Nilipofikiri nikaona amesema kweli, nilikuwa namwachia. Tangu siku ile hajanimeza tena, na akiona nimechelewa kuanza hunikoholea kidogo kunikumbusha.

Nakueleza haya yote ili uelewe nilikuwa nimefika wapi ilipoletwa ile sehemu ya ghala. Itaonyeshwa Alhamisi ijayo, na sikutaka uione kabla ya kupata barua hii.

Kisa chake ni hiki. Kuna mzee mlinzi wa ghala la dawa. Asubuhi moja lango limekutwa wazi, dawa zimeibiwa, na mlinzi mwenzake mgeni amepigwa, yuko hospitali hajitambui. Siku ya kwanza mzee anasema, nililifunga lango. Siku ya pili anasema, nadhani nililifunga. Mfanyakazi mmoja wa ghala anahojiwa, anasema alikuwa karibu na hakumwona mzee akifunga. Siku ya tatu mzee anainamisha kichwa na kusema, basi nilisahau, uzee huu, niandikeni. Anatia sahihi. Mkuu anafurahi, faili limekwisha. Na hapo ndipo Msaidizi, kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze, anamwambia Mkuu mbele ya watu kwamba hapana. Anasema mtu anaweza kukiri kosa ambalo hakulifanya, si kwa kupigwa, bali kwa kutoaminiwa mpaka na yeye akaacha kujiamini. Anakwenda, anachunguza, anagundua kwamba yule mfanyakazi aliyesema hakuona ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili. Kisha anarudi mahabusu, anakaa mbele ya mzee, anamwambia maneno haya: "Mzee, lango ulilifunga. Aliyelifungua ni mwingine."

Niliposoma karatasi zile nyumbani nilizifunika kwa sahani nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Tulirekodi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba walichokipaka rangi ya kijivu kikafanana na mahabusu. Anayeigiza mlinzi ni mzee wa jukwaani, mtu wa zamani katika kazi, na asubuhi ile hakuwa na raha kwa sababu pingu zilikuwa zinamwasha. Nilikaa mbele yake. Nikafungua mdomo, nikasema "Mzee," na mengine yakagoma kutoka. Mwongozaji akadhani nimesahau, akanisomea. Tukarudia. Yakagoma. Tukarudia mpaka mara ya tisa. Mzee akauliza kama anaweza kuvuliwa pingu ajikune kwanza. Watu wakacheka, nami nikacheka, na kicheko kilitaka kugeuka kitu kingine. Mwandishi, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya sanduku la taa, akaja kuniuliza taratibu kama abadilishe maneno. Nikamwambia asiguse hata herufi.

Mara ya kumi sikumtazama usoni. Nilitazama mikono yake. Ina vidole virefu, vimekauka, na alikuwa ameikunja magotini kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nikayasema yale maneno, yakatoka yote. Kwenye karatasi mzee alitakiwa alie. Hakulia. Aliinua kichwa polepole, akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akaniuliza jambo ambalo halikuandikwa. Akasema, "Una hakika?"

Nikamjibu, "Nina hakika. Nilikuwepo."

Mwongozaji akasimamisha. Akasema swali la mzee ni zuri, litabaki, lakini jibu langu halina maana, maana Msaidizi hakuwepo pale ghalani, angekuwepo kesi ingetoka wapi? Mkuu akacheka akasema Sajini amechoka apewe chai. Tukarudia, nikasema "Nina hakika" tu, ikapita, watu wakapiga makofi. Wewe Alhamisi utaona hilo la pili.

Lakini mwandishi hakupiga makofi. Alinifuata chumba cha mavazi, akafunga mlango, akaniuliza nilikuwepo wapi. Dada, sijui ilikuwaje. Miaka thelathini na moja sikumwambia mtu, si mume niliyekuwa naye, si rafiki, si mtu wa dini. Nikamwambia yule binti mwenye penseli kichwani, nimeshika kofia ya polisi mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikungoja aniulize, nikamwomba asiliandike. Akasema hawezi kuliandika kwa sababu si lake, na wala si langu peke yangu. Akauliza swali moja tu, kama mwenyewe anajua.

Mwenyewe ni wewe.

Nimekuwa nikizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini sasa nimefika. Ni habari ya moto.

Nilikuwa na miaka kumi, wewe kumi na sita, mdogo wetu mitatu. Baba na Mama walikuwa kazini. Ulipiga pasi sare zetu za shule kwenye meza ya chumba cha nyuma, juu ya lile blanketi la kijivu, mdogo wetu amelala chini kwenye mkeka. Ulipomaliza ukachukua ndoo ukaenda bombani. Uliporudi moshi ulikuwa unatoka dirishani. Ukaingia mwenyewe, ukamtoa, mguu wake umeungua kuanzia gotini mpaka kifundoni. Baba alipofika akauliza nani aliacha pasi. Ulisema uliichomoa. Ulisema hivyo mara mbili, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Kisha ukanigeukia mimi mbele ya watu wote ukauliza, "Si uliniona nikiichomoa?"

Nikasema, "Sikukuona."

Neno moja, dada. Nalo lilikuwa uongo. Nilikuwa nimekuona.

Ulipotoka na ndoo, nilitaka kunyoosha utepe wangu wa nywele. Nikaichomeka pasi tena, nikazungusha kile kidude cha kuongezea moto mpaka mwisho kwa sababu nilidhani ndivyo inavyowahi kupata joto. Wenzangu wakaniita uani kuruka kamba. Nikailaza pasi juu ya blanketi nikatoka mbio, nikijiambia narudi sasa hivi. Ilikuwa zamu yangu katikati ya kamba nilipoona moshi. Moto ule uliwashwa na mkono wangu, si wako.

Siku zilizofuata nilikutazama ukibadilika. Kwanza ulisema uliichomoa. Kisha ukasema unadhani uliichomoa. Ikapita wiki, nikakusikia jikoni ukimwambia Mama kwamba labda ulisahau, akili yako ilikuwa kwenye mtihani. Baada ya hapo hukusema labda tena. Nilikuwa nangoja uninyooshee kidole, nilikuwa nimejiandaa kulia na kukiri, wallahi nilikuwa tayari. Hukuninyooshea. Ulijinyooshea mwenyewe, na mimi nikakaa kimya nikanufaika. Nikisema nilikuwa mtoto, ni kweli, lakini sikubaki mtoto. Nilipofika miaka ishirini nilijua kabisa ninachokifanya. Thelathini, vilevile. Kila mwaka ulioongezeka ulifanya neno liwe zito zaidi, nami nikawa natafuta sababu za kuliacha lilipo.

Najua lilichokula. Barua ya kukuita chuo cha uuguzi ilipokuja, ulimjibu Baba kwamba mtu anayesahau pasi atasahau dawa ya mgonjwa. Baba hakukubishia. Ukaenda kuandika majina ya wagonjwa kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, upande wa pili wa mlango uleule uliotaka kuingia. Unarudi nyumbani mara mbili kabla ya kupanda basi, kuangalia jiko. Watoto wako wanakuita Mama Hakikisha na wewe unacheka nao. Baba ameondoka duniani akiamini kwamba binti yake mkubwa ni msahaulifu. Hilo siwezi kulirudisha, na sitajaribu kulipamba.

Nimeandika sasa kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni yale maneno yaliyogoma mara tisa. La pili ni wewe mwenyewe, mwezi uliopita, ulipotaja kwenye simu kama jambo la kupita tu, kwamba wamekuomba uwe msimamizi wa kumbukumbu za wagonjwa hospitali nzima, ukae na funguo, na kwamba utawajibu hapana mwisho wa mwezi huu kwa kuwa mtu wa kusahau hapewi funguo. Nilinyamaza, ukasema halo, halo, nikakuuliza habari za mvua. Dada, kama unaikataa kazi hiyo kwa sababu huitaki, ikatae na raha zako. Lakini usiikatae kwa ushahidi wangu wa uongo.

Mdogo wetu nilimweleza Jumapili. Nilikwenda kwake, nikamkuta chini ya lori lake, nikamwomba atoke. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye tairi. Nilipomaliza alikunja suruali akautazama ule mguu kwa muda, kama anauona mara ya kwanza, halafu akaishusha. Akasema, "Ngozi yangu ilipona zamani. Nenda kwa Dada." Hakuniambia amenisamehe na sikumwuliza. Alininawisha mikono, maana nilikuwa nimemshika nikapata grisi, tukanywa chai.

Sikuandiki ili uniambie si kitu, ulikuwa mtoto. Tafadhali usiniambie hivyo haraka. Una haki ya kukasirika, na kama hasira hiyo itachukua mwaka, uichukue yote. Unaweza kumsomea Mama barua hii au ukaniachia nimweleze mwenyewe, chaguo ni lako. Jumamosi nitakuja. Ukitaka nisije, nitumie ujumbe wa neno moja, nitakuelewa. Usipotuma, nitapanda basi la kwanza.

Jambo moja tu naomba ulipokee leo, hata kama mengine yote utayakataa. Kazini kwetu, shahidi akibadilisha maelezo yake, Msaidizi humpa karatasi mpya na kumwambia aandike alichokiona kwa macho yake, bila kuongeza. Haya ndiyo yangu.

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Ulishika plagi kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na sketi yangu ya shule. Ulivuta, ikagoma, ukavuta tena ikatoka. Ukaisimamisha pasi juu ya kigae ipoe. Ukarudishia dirisha nusu, upepo usimpige mtoto. Ukamfunika miguu. Kisha ukachukua ndoo, na uliponipita mlangoni ukanigusa kichwa ukaniambia, mwangalie mwenzio, nakuja. Hukusahau kitu, dada. Hukusahau kitu hata kimoja.

Nisalimie wote nyumbani, kila mtu kwa jina lake, na umkumbatie Mama kwa mkono wangu. Mdogo wetu ndiye aliyekuletea barua hii, alisema kwa posta itachelewa. Nadhani yuko hapo nje anajifanya anakagua matairi, kwa sababu hajui asimame wapi wakati unasoma. Ukiweza, mkaribishe ndani. Atakuwa hajala tangu asubuhi.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike, niliyekuwa nimekaa mlangoni